Mdogo Akimshinda Mkubwa Uwanjani

Somo: Mhubiri 9:11, Luka 13:4



Wengi wenu mmesikia habari za mashindano ya mpira wa kikapu yaliyochezwa na vijana wa shule zetu hapa Tabora, na ugomvi uliofuata. Shule zenyewe sizitaji, wala majina ya watu. Wenye kujua wajua, na wasiojua hawapungukiwi na neno. Yatosha kusema ya kuwa shule moja ni kubwa, ina uwanja wa saruji na mwalimu wa michezo aliyesomea kazi hiyo, na vijana wake ni warefu kama minazi. Shule ya pili ni ndogo. Kikapu chao ni pete ya chuma iliyopigiliwa misumari juu ya mwembe, na uwanja wao ni udongo mtupu. Mashindano yalikuwa ya mtoano, maana yake mwenye kushindwa mara moja hutoka, asirudi tena. Siku ya kwanza shule hizi mbili zikakutana, na wadogo wakashinda.

Aliyewashinda hasa wale wakubwa ni kijana mmoja wa darasa letu la kipaimara hapa Cheyo. Alisimama mbali, nyuma ya ule mstari wa pointi tatu, akatupa, mpira ukaingia. Akatupa tena, ukaingia. Hata jioni maneno yakaanza. Watu wakasema kijana amechanjwa. Wengine wakasema baba yake alionekana usiku akitoka kwa mganga. Siku zilizofuata daftari zake zikatupwa matopeni, na rafiki zake wakakataa kunywa naye kikombe kimoja. Jumapili mbili sasa mahali pake darasani pako patupu.

Nami yanipasa kukiri jambo. Siku ile nilikuwako uwanjani. Mtu wa usharika aliyekaa karibu nami aliniinamia akasema, “Baba Mchungaji, hapa pana mkono wa mtu.” Nikacheka. Sikusema ndiyo wala siyo, nilicheka tu, kama mtu achekavyo asiyetaka kujisumbua. Baadaye nikasikia ya kuwa kicheko changu kimekuwa ushahidi mitaani: “Hata Mchungaji alijua, alicheka.” Kwa sababu hiyo naandika. Nilinyamaza palipofaa kusema, na sasa sina budi kusema kwa maneno mengi.

Swali lenyewe ni hili: mdogo awezaje kumshinda mkubwa? Mtu akiona jambo asilolitazamia, moyo wake hautulii mpaka apate mwenye kulifanya. Walakini Mhubiri, aliyetazama mambo ya chini ya jua kwa muda mrefu kuliko sisi, atwambia ya kuwa aliona mwenye mbio akiachwa nyuma, na shujaa akishindwa vitani, na mwenye akili akikosa mkate. Kwa maana kila mtu hukutwa na saa yake na yale asiyoyapanga. Hasemi hapo ya kuwa mbio ni bure, wala hataji mchawi. Asema tu ya kuwa mambo ndivyo yalivyo. Basi natutazame ndivyo yalivyoje, maana kutazama si dhambi, na hesabu ni kipawa cha Mungu pia.

Chukua kikapu, utie njugumawe nyekundu 6 na nyeupe 4. Nyekundu ndizo timu kubwa, nyeupe ndizo ndogo. Fumba macho, utoe moja, uitazame, uirudishe. Fanya hivyo mara 3. Zikitoka nyeupe nyingi kuliko nyekundu, mdogo ameshinda. Ukiucheza mchezo huo mara 100, utaona mdogo akishinda mara 35 hivi. Sasa badala ya kutoa mara 3, toa mara 101 katika kila mchezo. Mdogo atashinda mara 2 tu hivi katika 100. Njugumawe ni zile zile, wala hapana aliyezitia dawa. Ila mchezo mfupi humpa mdogo nafasi, na mchezo mrefu humnyang’anya. Nimefanya jambo hili na watoto wangu nyumbani, na ninyi wainjilisti mwaweza kulifanya darasani; watoto hulipenda, ingawa njugumawe huliwa kabla hesabu haijaisha.

Sasa kumbukeni jinsi wale wadogo walivyocheza. Hawakukimbia. Waliushika mpira, wakapeana, wakapeana tena, wakangoja, ndipo wakatupa. Watu wa upande wa pili wakapiga kelele kwa kuchoshwa. Mwalimu wao yule, ambaye si mtaalamu wa michezo bali hufundisha hesabu, alijua alifanyalo: alipunguza idadi ya mitupo ya siku ile, yaani alitoa njugumawe chache.

Tena liko jambo la mtoano wenyewe. Twaona ajabu mwenye nguvu akianguka, lakini hatuhesabu ni mara ngapi ampasa kusimama. Timu ikiwa na nguvu hata imshinde kila mpinzani mara 9 katika 10, na ikiwa na michezo 6 ya kupita bila kuanguka hata mmoja, nafasi yake ya kupita yote ni 53 tu katika 100. Kwa neno jingine, ni karibu na kurusha sarafu. Na ndivyo yalivyo mashindano makubwa ya vyuo vikuu vya Marekani, yachezwayo kila mwezi wa Machi, ambayo vijana wetu huyafuata katika simu zao usiku wakati wa kulala. Huko timu hupewa vyeo katika makundi manne, toka 1 hata 16. Tangu mwaka 1985 wa cheo cha 1 walikutana na wa cheo cha 16 mara 135, wakashinda mara zote 135. Watu wakasema haiwezekani kabisa. Ndipo tarehe 16 Machi 2018 chuo cha UMBC cha Maryland kikawapiga Virginia, waliokuwa wakuu wa mashindano yale, pointi 74 kwa 54.

Je, huko nako palikuwa na mkono wa mtu? Karatasi ya hesabu ya mchezo ule yajulikana. Ilipofika nusu walikuwa sawa, 21 kwa 21. Mitupo ya mbali, ile ya pointi tatu, UMBC walitupa 24 wakapata 12. Virginia walitupa 22 wakapata 4. Zidisheni wenyewe: pointi 36 kwa 12, tofauti 24. Nao walishindwa kwa pointi 20. Mchezo wote uko katika mitupo ile ya mbali, na mtupo wa mbali ni kitu kigeugeu hata kwa mtu hodari. Leo waingia, kesho wagonga chuma. Tena Virginia walikuwa mashuhuri kwa kucheza taratibu, wakipunguza mitupo, na kwa kawaida desturi hiyo iliwafaa sana. Siku ile iliwafaa wapinzani wao. Mwaka uliofuata, 2019, Virginia wakawa mabingwa wa mashindano yale yale. Kama walikuwa wamelogwa, naona mganga wao alikuwa wa muda mfupi.

Na mwaka 2023 likatokea mara ya pili: Fairleigh Dickinson, timu fupi kuliko zote za daraja lao, wakawashinda Purdue 63 kwa 58, ingawa Purdue walikuwa na Zach Edey, mtu wa futi 7 na inchi 4.

Lakini mbona twende mbali? Tarehe 20 Februari 2021, huko Yaoundé, Kenya walicheza kikapu na Angola, waliokuwa wakati ule mabingwa wa Afrika mara 11. Kenya hawakuwa wameingia katika mashindano ya bara tangu mwaka 1993. Wakati ulipokuwa ukiisha, Tylor Ongwae akatupa, mpira ukaingia pamoja na mlio wa mwisho, ikawa 74 kwa 73. Tena tarehe 20 Julai 2024, jijini London, Sudan Kusini waliwatangulia Wamarekani kwa pointi 14 ilipofika nusu. Zilipobaki sekunde 8 LeBron James akafunga, wakashindwa 101 kwa 100. Mitupo hiyo miwili ya mwisho, mmoja uliingia kwa faida ya mdogo, mwingine kwa faida ya mkubwa. Angola wangesema nini kama ule wa kwanza ungegonga chuma ukatoka? Wasingesema neno, wangepanda ndege wakarudi kwao. Mambo mengi yaliyokaribia kutokea hatuyakumbuki, na kwa hiyo yakitokea twadhani ni mageni. Nairobi walimwita Ongwae shujaa. Sisi kijana wetu tumemwita nani?

Iko sababu nyingine, nayo haihesabiki kwa njugumawe. Babu zetu wa Unyamwezi waliobeba mizigo ya frasila mbili hata Bagamoyo walijua ya kuwa mwenye mzigo akifika kijitoni husimama, na mwenye mikono mitupu huruka. Mkubwa huja uwanjani na mzigo. Amebeba jina lake na maneno ya watu, na zaidi ya hayo aibu ya kushindwa na mtu asiye kitu. Mambo yakienda vema haujui mzigo huo. Yakianza kuwa sawa kwa sawa, ndipo mabega humwuma. Niliwatazama vijana wa shule kubwa siku ile: ilipofika robo ya mwisho walianza kulaumiana, kila mmoja akataka kutupa yeye, tena upesi. Wadogo walikuwa wakicheka.

Hapa kwetu twaijua hadithi hiyo tangu zamani. Mwaka 1871, mwezi wa Agosti, Waarabu wa Tabora wenye bunduki nyingi waliondoka kwenda kumpiga Mirambo, na Stanley yule mwandishi alikuwa pamoja nao. Wakauteka mji wa Wilyankuru, wakajitwalia pembe za ndovu na watumwa. Walipokuwa wakirudi wamelemewa na nyara, watu wa Mirambo waliojificha majanini wakawazukia, wakawaua wengi, na waliobaki wakakimbia usiku kucha. Siku chache baadaye Mirambo akaja Tabora yenyewe na sehemu ya mji ikaungua. Wako wasemao alikuwa na dawa. Mimi nasema mwenye pembe begani hawezi kuinua bunduki upesi.

Na katika siku zetu, tarehe 23 Desemba 2018 Simba waliwashinda Nkana wa Zambia 3 kwa 1, wakaingia katika makundi ya klabu bingwa Afrika, na nchi nzima ikaimba. Siku 3 tu baadaye Mashujaa wa Kigoma, timu ya daraja la chini, wakawatoa katika kombe la shirikisho 3 kwa 2. Mwaka mmoja kabla yake, Desemba 2017, Green Warriors walikuwa wamewatoa vivyo hivyo kwa penalti, nao Simba ndio waliokuwa na kombe mkononi. (Siandiki haya ili Yanga wafurahi. Najua jinsi wainjilisti wetu walivyogawanyika katika jambo hili kuliko katika jambo lolote la imani.)

Nilipokwisha kuyapanga haya moyoni, akaja kwangu mmoja wa wazee wa kanisa. Nikamwamkia, “Shikamoo, Mzee,” akaitikia, lakini hakuketi. Alikuwa na Biblia mkononi, kidole chake kiko katika Yoshua sura ya 7. Akasema, “Mchungaji, nimesikia wataka kuhubiri ya kuwa mambo haya ni bahati tu. Basi nieleze habari ya Ai. Israeli waliokwisha kuuangusha Yeriko walipigwa na mji mdogo usiokuwa na jina. Je, haikuwako sababu iliyofichwa? Je, hakuwako Akani?”

Nakiri ya kuwa swali lile lilinishika. Mzee yule si mtu wa maneno ya barazani. Husoma, tena alisema kwa huzuni, maana mjukuu wake yu katika ile shule kubwa. Nikamwomba aketi, tukasoma pamoja sura yote, polepole. Tukaona kwanza ya kuwa wapelelezi walirudi wakamwambia Yoshua asiwachoshe watu wote, kwa kuwa wenyeji wa Ai ni wachache. Wakapanda watu kama 3,000, na 36 wakauawa. Tukaona tena ya kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyesema na Yoshua, wala hakusema naye mtu wa barazani. Na kura ikapigwa, na Akani akakiri kwa kinywa chake, na vitu vikafukuliwa chini ya hema yake.

Ndipo nikamwuliza, “Mzee, huyo Akani alikuwa wa upande gani?”

Akatazama kitabu muda mrefu. Akasema, “Alikuwa wa upande wa walioshindwa.”

Naam. Yoshua aliposhindwa hakutuma watu waende Ai kumtafuta mchawi. Alianguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana, akaambiwa aitafute kambi yake mwenyewe. Sisi twalishika jambo hili kinyume: tukishindwa, twakwenda kupekua nyumba ya aliyeshinda. Kama shule kubwa yataka kufuata mfano wa Ai, na ianze na wapelelezi wake, wale waliosema wadogo hawa hawana haja ya kufanyiwa mazoezi. Nimeambiwa neno hilo lilisemwa.

Wala wale wadogo nao wasijisifu. Jumapili iliyofuata baadhi ya wazazi wao walitoa sadaka ya shukrani, wakasema Mungu amewapa ushindi kwa kuwa aliwaona wanyenyekevu. Nilipokea sadaka, maana kushukuru ni vema. Lakini siku ya pili ya mashindano walicheza na shule nyingine wakapigwa vibaya, na kijana wetu yule alitupa mchana kutwa, mpira ukagonga chuma. Je, unyenyekevu wao ulikwisha kwa usiku mmoja? Na dawa ile nayo, ilikwisha lini? Hapana hata mmoja aliyesema neno la dawa siku ile, wala hapana aliyekwenda kuziokota daftari matopeni.

Bwana wetu aliletewa habari za msiba mmoja, naye mwenyewe akaongeza wa pili: mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Alijua fikira za watu, ya kuwa watasema lazima walikuwa na hatia kupita wengine wa Yerusalemu. Akakataa waziwazi. Kisha akawageuzia neno wale waliosimama wakisikiliza, ya kuwa watubu wao. Nami nilikuwa mmoja wa waliosimama, tena nalicheka.

Juzi nilimwendea kijana. Nilimkuta chini ya mwembe, anafuma kamba. Nilimwuliza alijifunza wapi kutupa kutoka mbali hivi. Akanionyesha uwanja wao. Udongo una mashimo, mpira ukidundwa hukimbilia upande usioutaka. Kwa hiyo tangu utotoni wameacha kuudunda, wamejifunza kupeana na kutupa. Yeye huamka kabla ya jua, hutupa mara 50, ndipo aende kuchota maji. Pete ile ya chuma ni nyembamba kuliko ile ya uwanja wa saruji. Alipofika kule aliona kikapu ni kipana kama mlango. Nikafurahi sana, nikamwambia, “Basi mwanangu, hiyo ndiyo sababu! Mikono yako ndiyo iliyofanya.”

Hakufurahi. Aliinama, akasema kwa sauti ndogo, “Baba Mchungaji, nilikuwa nikidhani hivyo. Lakini watu wote wamesema. Labda baba alikwenda kweli kwa mganga, asinipe habari. Labda si mimi niliyetupa.”

Ndugu zangu, neno hilo sijaweza kulala nalo. Tulidhani tumemwibia jina lake tu. Tumemwibia na zile asubuhi zake zote, hata yeye mwenyewe hajui tena kama zilikuwa zake. Baba yake naye, ambaye sijapata kumwona na kosa la namna hiyo tangu nilipokuja hapa, atazamwa na mwana wake kwa mashaka mezani.

Nilirudi nikamweleza yule mzee wa kanisa. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama bado ninazo zile njugumawe. Alhamisi tutakwenda wote wawili nyumbani kwa kijana, wakati baba yake atakapokuwa ametoka shambani. Mzee amesema yeye atatangulia kusema, na mimi nitasema baada yake, juu ya kile kicheko.